Meno Sita kwa Heshima ya Mababu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mama Ajwang, katibu wa kamati ya Tamasha la Mila kule Kombewa, amenipigia simu mwenyewe. Wanatafuta mshereheshaji wa tarehe 22. Watu elfu mbili! Huenda hata runinga ikaja! Amesema majina yaliyobaki ni mawili tu, langu na la Robinson Aloo. Tutajaribiwa mbele ya kamati Ijumaa ya tarehe 14.

Robinson Aloo! Mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika maiki. Sasa ana suti tatu na meno meupe, na anayaonyesha yote, hata kwenye matanga. Mimi nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii. Nimesherehesha harusi, michango ya makanisa na mazishi ya watu wazito. Sina wasiwasi naye hata kidogo.

Kuna jambo dogo tu. Jumamosi, kwenye harusi ya mpwa wa mke wangu Seline pale Mamboleo, nilimkabidhi Robinson maiki, na sponji yake nyeupe ilikuwa na doa jekundu. Damu. Yangu! Robinson aliishika kwa vidole viwili, akaomba leso, akaifuta taratibu mbele ya bwana harusi ili kila mtu aone. Tena meno yangu ya mbele ya chini yanacheza nikiyasukuma kwa ulimi. Seline amesema nisiporudi kesho kwa yule daktari aliyenisafisha meno Januari, atanipeleka yeye kwa kunishika sikio. Nitaenda. Daktari atanipa dawa ya kupaka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda. Daktari Waithera ni mwanamke mwembamba wa kutoka Nyeri, hana maneno mengi. Alichukua kijiti cha chuma chenye alama, akawa anakichomeka taratibu kati ya fizi na jino, jino baada ya jino, huku akimtajia msaidizi wake namba za kuandika. Nyuma kulikuwa na tatu, tatu, mbili, tatu. Nikasikitika. Namba ndogo sana! Nikajitahidi, nikapanua mdomo zaidi. Tulipofika mbele kwa chini mambo yakachangamka. Sita! Saba! Nane! Nilikunja ngumi kwa furaha. Nane juu ya kumi, na sikuwa nimejiandaa!

Aliponipa nafasi ya kufunga mdomo, nikamuuliza kwa wiki hii nimekuwa wa ngapi.

Daktari aliweka kijiti chini. Akasema zile si alama za mtihani. Ni milimita. Ni kina cha shimo lililopo kati ya fizi na jino. Mtu mzima wa afya hana zaidi ya tatu. Mwenye nane, fizi imeachia jino, uchafu umeshuka hadi kwenye mizizi, na mfupa unaoshika jino unaliwa polepole. Akanionyesha picha ya eksirei. Mfupa umemegeka kama ukingo wa mto Sondu baada ya mafuriko. Nimefeli! Meno sita, yote ya mbele ya chini!

Aliuliza kama ninatumia kile kibrashi chembamba alichonipa Januari cha kusafisha katikati ya meno. Nikasema kila siku. Ni kweli, kila siku nasafishia maiki. Hakuuliza zaidi.

Basi, dawa ya kupaka hakuna. Januari alisafisha juu na chini ya fizi kadiri alivyoweza, lakini ukoga uliobaki uko ndani mno, chombo hakifiki bila kufungua njia. Anataka kunifanyia upasuaji wa fizi. Atatia ganzi, ataifungua fizi kidogo, atakwangua mizizi akiiona kwa macho, kisha atairudisha fizi mahali pake na kuishona. Nikamuuliza tukiacha je? Akasema tukiacha, meno yatatoka yenyewe, moja moja, huenda hata kabla ya mwaka huu kuisha. Ana nafasi Alhamisi ya tarehe 13. Baadaye wiki nzima bila maiki.

Tarehe 13! Na kamati inatujaribu tarehe 14! Nikamwambia nitafikiria.

Jumatano, 5 Machi

NIMEPATA! Wazo limenijia nikinyoa ndevu, nusura nijikate.

Babu yangu hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Wazee wote wa Kiluo wa zamani hawakuwa nayo. Iliitwa nak. Kijana akifika umri alikaa chini, fundi akaja na chuma chake, na meno sita yakang'olewa bila kulia. Alama ya ukoo! Makanisa na shule zikaja, watu wakaacha. Sasa nihesabu tena. Sita! Ya mbele! Ya chini! Meno yaleyale! Ugonjwa ungeweza kunishika popote mdomoni, umechagua palepale. Kama huu si mkono wa Mungu basi sijui.

Nikampigia Mama Ajwang. Nikamdokezea tu, kwa sauti nzito, kwamba kwa ajili ya tamasha lao niko tayari kuwa mtu wa kwanza kurudia nak baada ya miaka mingi. Nilitaka tu aone nani ana mila na nani ana suti. Mama Ajwang alipiga kigelegele kwenye simu. Akasema anaita kamati sasa hivi. Robinson amekwisha!

Ijumaa, 7 Machi

Bango limetoka. Liko kwenye kila kikundi cha WhatsApp kuanzia Seme hadi mjini. Picha yangu, kubwa, na maandishi mekundu: JORAM OWITI KUNG'OLEWA MENO SITA JUKWAANI KWA HESHIMA YA MABABU.

Mimi nilidokeza. Sikusema jukwaani.

Lakini watu mia mbili na kumi wameweka alama ya dole gumba! Mwalimu wangu wa darasa la sita ameniita shujaa. Nimetulia, nikapiga hesabu. Daktari mwenyewe amesema meno yatatoka. Yakitoka jikoni, ni hasara. Yakitoka jukwaani, ni historia. Nilijaribu kusalimia umati mbele ya kioo, mdomo wa chini nimeuingiza ndani kana kwamba meno hayapo. "Mabibi na mabwana" ilitoka "vavivi na vavwana". Mazoezi yatasaidia.

Seline amesoma bango akiwa amesimama. Akaniuliza swali moja tu, kama nimewahi kumwona mtu akila muwa kwa fizi. Kisha akaingia jikoni, na sufuria zimekuwa zikilia tangu saa hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Kombewa leo, kuomba baraka za Mzee Achola, mshauri wa mila wa kamati. Ana miaka tisini na mitatu, na nak yake ni ya kweli. Nilimkuta kwa kinyozi, kitambaa shingoni, akitazama mpira wa Uingereza na kumtukana refa.

Nilimweleza nia yangu kwa unyenyekevu. Akafurahi. Akaniambia nifungue mdomo, akatia kidole gumba, akasukuma. Meno yakacheza. Akasukuma tena, yakacheza tena, na kidole kikatoka na damu. Mzee akakitazama. Akaanza kucheka hadi kinyozi akazima mashine. Akasema nak ni ya meno yaliyokaza! Kijana anakaa, chuma kinahangaika, jino linakataa, hapo ndipo uanaume unaonekana. Haya yangu hata tonge la ugali laweza kuyang'oa. Akauliza watu wote waliokuwa kwa kinyozi kama kuna fundi anayeitwa kubomoa nyumba iliyokwisha anguka. Hakuna aliyesema yupo.

Halafu, nilipokuwa nikiondoka kwa aibu, akanivuta shati. Akanong'ona kama huyo daktari wangu anaweza kumtengenezea yeye meno sita ya chini, maana amewaomba wajukuu tangu Krismasi na hakuna anayemsikia. Anataka kula mahindi ya kuchoma kabla hajafa.

Nikaenda zangu. Nina matatizo yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Ajwang amepiga simu, sauti si ya juzi. Mzee Achola amekataa kutoa idhini. Amesema ataweka kidole tena siku yenyewe, na kama meno yatacheza, nak hakuna. Na bango limeshatoka! Wageni wameshaalikwa! Ataweka nini kwenye nafasi ya saa nane?

Nilikaa kwenye kochi saa nzima. Kisha nikaruka juu. Tatizo ni kwamba meno hayajakaza. Nani katika mji huu anakaza meno? Daktari Waithera! Mzee anataka meno imara, daktari anafanya meno yawe imara, tarehe 13 iko kabla ya tarehe 22. Kila kitu kimepangika chenyewe! Nitafanyiwa upasuaji, meno yatapona, kisha yatang'olewa kwa heshima zote.

Nimepiga simu kliniki na nafasi bado ipo. Nimempigia na Mama Ajwang kumwambia jaribio la Ijumaa sitafika. Akasema haina haja, mimi sasa ni tukio lenyewe na siwezi kushika maiki huku nang'olewa meno. Robinson atasherehesha. Iliniuma. Lakini yeye atakuwa anataja jina langu siku nzima, na kila mtu atakuwa ananitazama mimi.

Seline nimemwambia tu kwamba nimekubali upasuaji. Alinikumbatia! Akanipikia samaki mbuta wa nazi, katikati ya mwezi. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini nilikula wote.

Alhamisi, 13 Machi

Imekwisha! Naandika nikiwa na kipande cha barafu kidevuni.

Nilidhani nitalia. Sindano ya ganzi ilichoma kidogo, halafu mdomo wote ukawa si wangu. Sikusikia uchungu. Nilisikia kukwangua tu, krr krr, kwenye mizizi yangu mwenyewe, na daktari akimwonyesha msaidizi vipande vya ukoga mweusi kama mkaa. Robinson angeuona ukoga ule, angeupiga picha. Kisha fizi ikarudishwa, ikashonwa kwa uzi mwembamba. Mwisho akayafunga yale meno sita pamoja kwa waya mwembamba sana upande wa nyuma, yasichezecheze yanapopona. Ulimi wangu ukaupata waya mara moja. Imara! Kabla hata hajaniinua kitini nilikuwa nacheka.

Aliniuliza mbona furaha hivi. Nikamweleza mpango wote, kwa mdomo uliokufa ganzi, kwa hiyo ilibidi nirudie mara tatu. Alipoelewa, aliketi kwenye kiti chake kidogo cha magurudumu. Akauliza taratibu, yaani yeye ayaokoe meno leo ili mtu mwingine ayang'oe wiki ijayo? Nikaitikia kwa kichwa. Akavua glavu moja. Akavaa tena. Akasema katika miaka kumi na minne hajawahi.

Kisha akatoka akamwita Seline, aliyekuwa nje akisubiri. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikasikia kila kitu. Alimpa masharti ya wiki nzima. Vyakula laini na vya vuguvugu. Hakuna kupiga mswaki mahali palipokatwa, nisukutue dawa asubuhi na jioni. Kusiguswe na ulimi wala kidole. Maneno machache iwezekanavyo. Halafu akamwambia na lile la tamasha. Seline akauliza tu, daktari, kwa hivyo hizo meno zinaweza pona kabisa? Daktari akasema zinaweza, mama, zikitunzwa.

Njiani Seline hakusema neno. Nami nilikatazwa kusema, kwa hiyo safari ilikuwa ya amani.

Jumamosi, 15 Machi

Nyumbani, kimya. Kidevu kimevimba. Seline ananiwekea viazi vilivyopondwa, uji wa wimbi uliopoa, mayai laini. Leo mchana alikaa na samaki mzima mbele yake akimtoa miiba mmoja mmoja kwa vidole, kwa saa nzima, mpaka ikabaki nyama tupu. Akanisogezea sahani bila kunitazama.

Baadaye nilitazama kioo. Meno sita, madogo, yamezungukwa na uzi. Nimekuwa nayo tangu niko darasa la pili. Niliogopa. Naandika hapa tu, popote kwingine nitakana. Niliogopa sana kwamba yataniacha. Halafu simu ikalia. Bango jipya! Sasa nimeitwa SIMBA WA SEME! Nimepata nafuu.

Ijumaa, 21 Machi

Nyuzi zimetolewa. Daktari Waithera amesema fizi inapendeza, rangi ya waridi, na haivuji damu. Waya ubaki. Alinishika mkono akaomba, kama mtu anayeomba ndugu yake, nisiende Kombewa. Nikamwambia watu elfu mbili wananingoja.

Jumapili, 23 Machi

Jana! Jana! 

Uwanja ulijaa. Ngoma, mashuka, watoto juu ya ukuta wa shule. Robinson alikuwa na suti ya nne, ya dhahabu, na alitaja jina langu mara kumi na tisa, nilihesabu. Saa nane nikapandishwa jukwaani na kuketishwa kwenye kigoda. Mzee Achola akaja. Alinawa kwanza kwa maji na sabuni, nashukuru. Akatia kidole gumba, akasukuma.

Meno hayakucheza!

Akasukuma tena kwa nguvu zake zote tisini na tatu. Hayakucheza! Ule waya wa daktari! Mzee akageukia umati, mikono juu, akatangaza kwamba yamekaza, yanafaa, huyu ni mwanamume! Uwanja ukalipuka. Mama Ajwang alilia. Sijawahi kufurahi hivyo maishani, na furaha hiyo ilidumu kama sekunde tano, kwa sababu hapo ndipo alipopanda Wakoli.

Wakoli ni fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Bungoma. Kamati ilitafuta fundi wa nak Seme nzima ikakosa, ikamchukua yeye kwa sababu ana mkono thabiti. Alikuwa na chuma bapa, kimeng'arishwa vizuri. Akakifuta kwenye aproni. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, jana amejaribu kwenye fuvu la mbuzi.

Nilitaka kusimama. Nikakishika kigoda kwa mikono miwili. Nilitaka kusema jambo la busara. Robinson akaniletea maiki mdomoni ili umati usikie maneno ya mwisho ya Simba wa Seme, na kilichotoka ni "mmh". Katika spika zote sita. Wakoli akanishika kidevu.

Ndipo nikamwona Seline akipanda ngazi. Bado alikuwa na aproni yake ya sokoni, ya kuuzia omena, dagaa wa ziwani. Alimnyang'anya Robinson maiki kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Huyu mtu ni wenu," akasema, na uwanja ukanyamaza. "Mlimpaka jina la simba, sawa. Lakini hizo meno ni zangu. Siku tisa nimeponda viazi. Nimetoa miiba kwa samaki mpaka vidole zikauma. Daktari amekata, ameshona, amesema zitapona. Sasa Wakoli, kama wewe unataka tu kung'oa meno leo, anza na za Robinson. Ziko nyingi, na zimekaza sana."

Vigelegele! Kofia juu! Nilimwona mwenyekiti wa kamati akilala kwenye nyasi kwa kicheko. Robinson alifunga mdomo, na sikuyaona meno yake tena hadi jua lilipozama. Wakoli akaweka chuma mfukoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba amefurahi, kwani hata yeye hakulala vizuri. Na Mzee Achola, mbele ya watu wote, akamshika Seline mkono akamuuliza huyo daktari yuko mtaa gani.

Nilishuka jukwaani na meno yangu sita. Nilimshika Seline kiunoni na sikujali nani anaona. Mama Ajwang akaja mbio kumwomba awe mshereheshaji wa mwakani. Yeye! Siku moja kwenye maiki! Mimi nina miaka ishirini na miwili!

Jumatano, 18 Juni

Matokeo! Nimetoka kliniki sasa hivi, naandika nimesimama. Daktari Waithera ameutoa waya na kupima upya. Safari hii najua kusoma namba. Tatu! Tatu! Mbili! Tatu! Jino moja tu limepata nne, na amesema hilo analivumilia. Akayasukuma kwa mpini wa kioo chake na hayakucheza hata kidogo, bila waya, peke yake! Mzee Achola alikuwa anatoka chumba cha pili na meno yake mapya, anamwonyesha kila mtu foleni.

Daktari amesisitiza nirudi kila baada ya miezi mitatu, na kibrashi kila siku maisha yote, la sivyo mashimo yatarudi. Nimeitikia kwa heshima. Lakini nani anaendelea kusoma baada ya kufaulu? Kibrashi nimekirudisha kwenye maiki.

Seline yuko sokoni, kwa hiyo nimempigia Mama Ajwang haraka. Nimemwambia mwakani asihangaike kutafuta tukio la saa nane. Meno yamekaza, yote sita, na safari hii hakuna waya.